Fahamu: Mashoka ya Lewa na shanga za Kirumi

Kusini mwa mji wa Isiolo, kwenye hifadhi ya Lewa, mashoka ya mkono ya Enzi ya Mawe yametapakaa ardhini. Tazama moja kwa makini: lina umbo la tone, limechongwa pande zote mbili.

Na vitu vya Kirumi je, vimepatikana Afrika Mashariki? Vimeripotiwa pwani. Mwanaakiolojia Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliripoti shanga za kioo za Kirumi huko Rufiji, Tanzania.

Jiwe na kioo hudumu kwa kuwa haviozi. Mbao na ngozi huoza au huliwa na mchwa.

Ukikuta kitu cha kale, usikiondoe, maana mahali kilipolala ni ushahidi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 inataka Makumbusho ya Taifa yaarifiwe ndani ya siku 7.