Mwanafunzi akisema amechoka na maisha, mwalimu afanye nini?

Karibu kila muhula, shule zetu za Pwani huwa na mwanafunzi aliyebadilika ghafla. Jana alikuwa akiongoza darasa, leo analala juu ya dawati. Sisi walimu huwa na majibu tayari: ni mvivu, ameingia mapenzi, au ana jini. Ni nadra kujiuliza kama mtoto huyo anafikiria kujitoa uhai.

Mimi ni mwalimu wa sekondari Kaunti ya Kilifi. Naamini kila mwalimu, si yule wa ushauri nasaha peke yake, anahitaji mafunzo ya kuitambua hatari hii na kuikabili. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema zaidi ya watu 720,000 hufariki kwa kujiua kila mwaka. Kwa vijana wa miaka 15 hadi 29, ni sababu ya tatu ya vifo. Wanafunzi wetu wengi wamo ndani ya umri huo.

Hadi juzi sheria yenyewe ilitufunga midomo. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu anayeweza kufungwa hadi miaka miwili. Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu jijini Nairobi aliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Hata hivyo, fikra za zamani bado zipo. Kuna shule ambako mwanafunzi akipatikana na barua ya kuaga, kesi huenda kwa msimamizi wa nidhamu, kisha mtoto hupewa barua aende nyumbani alete mzazi. Anapanda matatu peke yake, siku ambayo hakupaswa kuachwa peke yake hata kidogo.

Mafunzo ninayozungumzia hayamgeuzi mwalimu kuwa daktari. Ni kama huduma ya kwanza: anayefunga jeraha si lazima ajue kupasua. Marekani, mwanasaikolojia Paul Quinnett alibuni mafunzo ya namna hii yenye hatua tatu: kuuliza, kumshawishi mtu akubali msaada, na kumfikisha kwa mtaalamu.

Kwanza ni kuona dalili. Mwanafunzi hujitenga na marafiki, hagusi chakula, alama zake huporomoka, hugawa vitu anavyovipenda, au hutamka maneno kama "bora nisingezaliwa" na "hivi karibuni sitawasumbua tena." Dalili moja si ushahidi, lakini zikikusanyika usizipuuze. Kuwa makini zaidi baada ya msiba, unyanyasaji, mimba, matokeo mabaya au aibu iliyosambazwa kwenye simu. Pia mtoto aliyekuwa na huzuni nzito akichangamka ghafla, usikimbilie kusema amepona.

Pili ni kuuliza, na hapa wengi huogopa wakidhani swali litampa mtoto wazo ambalo hakuwa nalo. Utafiti hauungi mkono hofu hiyo. Wengi wakiulizwa kwa upole hupata nafuu. Mtafute pahali pa faragha, umwambie: "Mwanangu, naona umebeba mzigo. Je, umewahi kufikiria kujiua?" Kisha nyamaza, usikilize. Usimwambie anamkosea Mungu wala usimlinganishe na wenzake. Kiboko ndiyo kabisa: kilipigwa marufuku shuleni tangu 2001.

Tatu ni kuchukua hatua. Akikiri, usimwahidi kuwa utaifanya siri. Mwambie utawaeleza wachache tu wanaoweza kumsaidia. Asiachwe peke yake, na vitu vya kumdhuru viondolewe karibu naye, zikiwemo dawa za shamba na vidonge. Mzazi aitwe aje shuleni, isipokuwa kama nyumbani ndiko kwenye madhara. Hapo ahusishwe afisa wa watoto. Kisha apelekwe hospitali, akisindikizwa na mtu mzima. Nambari 116 ya kuwasaidia watoto na 1199 ya Msalaba Mwekundu hupigwa bila malipo.

Najua wazazi wengi wataanza kwa shehe, mchungaji au mganga. Mwalimu hana haja ya kugombana nao. Dua na maombi humpa mtoto faraja, lakini visiwe sababu ya kuchelewesha matibabu.

Kazi haiishi mtoto akitoka hospitali. Akirudi darasani akaitwa "yule aliyetaka kufa", tumemrudisha palepale. Walimu wakubaliane nani atamwona kila siku, na minong'ono ikomeshwe mapema.

Ombi langu kwa walimu wakuu na bodi za shule ni dogo: tengeni alasiri moja kabla ya muhula kufunguliwa, mwite muuguzi wa afya ya akili au mshauri kutoka kaunti, na mjumuishe matroni, mpishi na askari wa lango. Mara nyingi hao ndio humwona mtoto akilia usiku. Andikeni hatua hizi kwenye karatasi moja, mzibandike katika chumba cha walimu pamoja na nambari hizo mbili.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Tukiuliza mapema, kilio hicho twaweza kukizuia.