Chuma cha Gesi Tusikibahatishe

Gesi asilia hugeuka maji inapopozwa hadi nyuzi 162 za Sentigredi chini ya sifuri. Katika baridi hiyo chuma cha kawaida hupoteza unyumbufu, kikavunjika kama kigae.

Mji wa Cleveland, Marekani, ulilipia somo hilo tarehe 20 Oktoba, 1944. Tangi la gesi ya maji, la chuma chenye nikeli asilimia 3.5, lilipasuka; moto uliofuata ukaua watu 130. Leo wataalamu hukitumia chuma hicho hadi nyuzi 101 tu chini ya sifuri. Chenye nikeli asilimia 9 huhimili hadi nyuzi 196.

Somo hilo linatuhusu, kwani Tanzania imepanga kujenga kiwanda cha gesi ya aina hiyo mkoani Lindi. Nikeli ni ghali, na kishawishi cha kupunguza gharama hakitakosekana. Sisi tunasema kwamba kila bamba, pamoja na maungio yake yaliyochomelewa, hapana budi lipimwe kwa kugongwa likiwa katika baridi ya kazi yake, mbele ya wataalamu wetu wenyewe. Rahisi ni ghali. Na hapa bei yake ni roho za watu.