Gari Kuukuu na Petroli Yenye Spiriti

Aliyeanza kulalamika ni mtoto wa kati. "Mama, gari linanuka," alisema kila asubuhi walipokuwa wakipelekwa shule. Mama yake alifungua dirisha kidogo, ingawa nje kulikuwa na baridi kali, akaendelea na safari. Jioni alipomweleza mumewe, alijibiwa kwamba gari kuukuu halikosi harufu, na tena lilikuwa limepita ukaguzi wa mwaka bila tatizo.

Mama huyo ni mdogo wangu. Anaishi Leicester, Uingereza, pamoja na mumewe na watoto watatu. Gari lenyewe ni dogo, la Kijapani, la mwaka 1990. Walipewa na bibi mmoja wa kanisani kwao ambaye aliacha kuendesha kwa sababu ya macho, nalo lilikuwa limekaa bila kuguswa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Shemeji yangu hufanya kazi zamu ya usiku na hulala mchana. Kwa hiyo anayelitumia hasa ni mama: shuleni, sokoni, kwa daktari, na Jumapili ibadani.

Mwanzoni mwa 2022, wiki ya tatu ya malalamiko ya mtoto, gari lilizima kwenye mzunguko wa barabara likiwa na watoto wote watatu. Fundi aliyeitwa alifungua boneti, akaushika mpira unaopeleka petroli kwenye kabureta, akaukunja kidogo kwa vidole viwili. Mpira ukafunguka nyufa, na petroli ikachuruzika juu ya injini iliyokuwa bado ya moto. Fundi hakusema maneno mengi. Alimwambia tu awatoe watoto garini na kuwasogeza mbali.

Nilipomtembelea baadaye alinisimulia hayo huku akinionyesha kipande cha ule mpira, ambacho amekihifadhi ndani ya kopo. "Dada," aliniambia, "mimi sikubadili mafuta. Nilitia kwenye pampu ile ile niliyoizoea." Alisema kweli. Kilichobadilika ni mafuta yaliyomo ndani ya pampu.

Tarehe 1 Septemba 2021, petroli ya kawaida katika vituo vya Uingereza ilibadilishwa. Awali ilikuwa na ethanoli isiyozidi asilimia 5, na kibandiko chake kiliandikwa E5. Sasa ikawa E10, yaani ethanoli hadi asilimia 10. Ireland ya Kaskazini ilifuata mwezi Novemba 2022. Mpini wa pampu ulibaki wa kijani kama zamani. Mama mwenye mtoto analia kiti cha nyuma hasomi kibandiko, nami simlaumu.

Ethanoli ni nini? Ni spiriti, ile ile inayopatikana kwa kuchachusha na kukeneka vitu vyenye sukari au wanga. Brazili huitoa katika miwa, Marekani katika mahindi, na Uingereza ngano hutumika pia. Serikali huipenda kwa sababu hupunguza petroli inayochimbwa ardhini na hewa ya ukaa inayotokana nayo, na nchi yenye mashamba hupata njia ya kupunguza mafuta inayoagiza. Injini nayo haina ugomvi na spiriti kama spiriti. Inawaka vizuri, na husaidia kuzuia ule mgongano wa injini wakati wa kupanda mlima.

Taabu iko kwenye vitu ambavyo spiriti hupita kabla ya kufika kwenye moto. Mipira ya zamani, sili, na baadhi ya plastiki zilitengenezwa kwa ajili ya petroli tupu. Zikikaa ndani ya spiriti huvimba, hulainika, na baadaye hukauka na kupasuka. Zaidi ya hayo, spiriti husafisha. Uchafu ulioganda kwenye kuta za tangi kwa miaka 20 au 30 hung'oka, hutembea na mafuta, ukaziba chujio. Ndivyo ilivyokuwa kwa mdogo wangu. Harufu ilitoka kwenye mpira, lakini kilicholizima gari ni chujio lililojaa tope la rangi ya kahawia.

Kisha kuna maji. Petroli na maji havichanganyiki, lakini spiriti huyavuta maji hata yaliyo hewani. Gari linalotembea kila siku halipati shida, maana mafuta huisha kabla ya kuharibika. Gari linalolala miezi mitatu au minne likiwa na tangi nusu ndilo lenye hatari. Maji yakizidi, spiriti huachana na petroli na kuzama chini pamoja na maji hayo, na chini ndiko pampu inakonyonya. Kutu huanzia hapo. Mashine ya kukatia majani na jenereta ndogo ya petroli hupatwa na ugonjwa huo huo, pengine mapema zaidi, kwa kuwa hukaa muda mrefu bila kutumika.

Je, ni haki kusema kwamba spiriti ndiyo iliyoharibu mpira wa mdogo wangu? Nilimsikiliza, na kwa maoni yangu si haki kuitwisha lawama yote. Mpira wenye umri wa miaka zaidi ya 30 ungepasuka siku moja hata kwa petroli tupu. Spiriti iliharakisha tu. Wapo wanaoamini kwamba tangi moja la E10 huua gari la zamani, nao huingiwa na hofu isiyo na sababu. Ushauri uliotolewa Uingereza ni kwamba ukikosea mara moja, huna haja ya kumwaga mafuta. Safari ijayo jaza E5. Hatari huja kwa kutumia mwaka mzima bila kukagua kitu chochote.

Magari yote yaliyotengenezwa tangu 2011 yanaikubali E10, na mengi ya miaka ya 2000 pia. Yanayotiliwa shaka ni yale ya zamani zaidi, hasa ya kabureta. Kabureta hupangwa kwa kipimo kimoja, haijui kwamba mafuta yamebadilika. Kwa kuwa spiriti ina hewa ya oksijeni ndani yake, mchanganyiko huwa mwepesi kupita kiasi. Gari hukohoa, au hukataa kuwaka likiwa na joto. Fundi anaweza kuirekebisha kwa bisibisi. Gari lenye kompyuta na kihisi kwenye ekzosi hujirekebisha lenyewe.

Na mfuko wa nyumba? Petroli ya E5 bado inauzwa Uingereza, lakini ni ile ya daraja la juu, ambayo mara nyingi huzidi kwa peni 10 au zaidi kwa lita. Kwa tangi la lita 35 hiyo ni pauni tatu na nusu kila ukijaza. Kwa upande mwingine, lita ya ethanoli ina nguvu pungufu kwa karibu theluthi moja ikilinganishwa na petroli, hivyo E10 huongeza ulaji wa mafuta kwa karibu asilimia 3 ukilinganisha na petroli tupu. Kwa lita 35, hiyo ni kama lita moja. Mwenye gari jipya asihangaike na ile ya bei ghali.

Msomaji mpendwa, usidhani haya ni mambo ya Ulaya peke yake. Aliyewahi kupita Muhoroni, Kenya, anaijua harufu ya molasi. Kutokana na molasi hiyo ilitengenezwa spiriti iliyochanganywa na petroli ya Nairobi katika miaka ya 1980. Malawi ilianza kuchanganya mwaka 1982, kwa spiriti ya kiwanda cha Dwangwa kando ya ziwa. Mama wa Kyela anayevuka mpaka kwenda Karonga kwa gari lake anaweza kurudi na spiriti tangini bila kujua. Uganda nayo ilitunga sheria ya nishati ya mimea mwaka 2020. Na magari yetu mengi ni yale yaliyokwisha kutumika kwingine kabla ya kufika bandarini.

Basi mwombe fundi akuonyeshe mipira ya mafuta, siyo akuambie tu. Mpira mzima ukikunjwa hauna nyufa, wala haunati mkononi. Ukibadilishwa, dai mpira unaostahimili spiriti. Ulio bora huandikwa R9 ubavuni. Usikubali mpira wa maji ufungwe kwenye njia ya petroli, jambo ambalo nimeliona kwa macho yangu. Badilisha chujio pamoja na mipira, na tena baada ya matangi machache, kwa sababu uchafu huendelea kung'oka. Gari likiwa la kulala muda mrefu, liwashwe na litembezwe. Wenye gari la dizeli, habari hii haiwahusu.

Zaidi ya yote, harufu ya petroli ndani ya gari isizoeleke. Simamisha gari, zima injini, watoe watoto, ndipo uangalie. Mtoto akisema gari linanuka, pua yake huenda ni kali kuliko yako.

Mdogo wangu alibadilishiwa mipira yote, kuanzia tangini hadi kwenye kabureta, pamoja na sili za pampu. Fundi alimwambia sasa anaweza kutumia E10. Hata hivyo, hujaza ile ya bei ghali kila wanapokwenda likizo na kuliacha gari nyumbani. Shemeji yangu hakuwahi kuomba radhi kwa maneno. Ila akirudi alfajiri kutoka kazini, kabla ya kwenda kulala, hufungua boneti, akainama na kunusa. Mtoto wa kati humsubiri mlangoni akiwa na mkoba wake wa shule.

"Baba, linanuka?"

"Leo halinuki."