Je, Wajua? Kiuno cha Kompyuta Kina Sheria Yake

Tangu Oktoba 1, 2017, tangazo la biashara nchini Ufaransa linalomwonyesha mwanamitindo aliyepunguzwa au kunenepeshwa umbo kwa kompyuta lazima liandikwe kwamba picha imefanyiwa marekebisho. Anayekaidi anaweza kutozwa faini ya euro 37,500, au hata zaidi. Lakini sheria hiyo inaangalia umbo la mwili tu. Futa chunusi, badilisha rangi ya nywele, hakuna wa kukuuliza.

Na nywele ndizo zilizozua kelele mwezi uliofuata. Mwigizaji Mkenya Lupita Nyong'o alipoona jalada la jarida la Grazia la Uingereza, fundo la nywele zake za asili lililofungwa kisogoni lilikuwa limetoweka, na zilizobaki zimelainishwa. Aliweka mtandaoni jalada hilo pamoja na picha ya awali, watu wajionee wenyewe. Mpiga picha, An Le, aliomba radhi. Jarida nalo likaomba, likisema halikuagiza nywele ziguswe. (Bado kuna wahariri waliolipitisha jalada.)

Norway imekwenda mbali zaidi kuliko Ufaransa: tangu Julai 2022 hata ngozi iliyolainishwa kwenye tangazo lazima itajwe, na anayelipwa kutangaza bidhaa kwenye Instagram hasalimiki.