Pilipili ya chupa: nyanya ao hapana?

Siku ya kusaga pilipili, mabishano inaanza mbele moto haujawaka. Bamama wamoja wanasema: pilipili, chumvi, kitunguu, mafuta ya mawese, basi. Wengine wanataka nyanya, “ili chupa ijae mbio”. Na kweli inajaa! Lakini musimu uliopita tulijaza vile, na kisha majuma mbili chupa zikaanza kutoa povu. Mama muuzaji akaturudishia zote. Feza ya chupa ikapotea pamoja na pilipili.

Nyanya iko na maji mengi, na sisi hatukuipika ya kutosha. Povu angalau inaonekana. Kitunguu saumu mbichi ndani ya mafuta, bila kitu kichungu kama siki, inaweza kuzaa sumu yenye kuua, isiyonuka wala kuonekana. Kwa hiyo mafuta na saumu tuviache kwa sahani ya nyumbani, viliwe siku ileile. Ya kuuza: pilipili, chumvi, siki, ichemke, imiminwe ikiwa moto ndani ya chupa zilizochemshwa.

Ukali, wandugu, haukai ndani ya mbegu. Unakaa ku nyama nyeupe inayoshika mbegu. Mwenye kukata ajipake mafuta ku mikono, kisha anawe na sabuni. Maji peke yake haiondoi kitu. (Baba mmoja alijipangusa macho. Hatumtaji.)

Sasa bishano ni ndimu ao siki. Ndimu inanukia vizuri zaidi, lakini uchungu wake unabadilika tunda kwa tunda. Sisi tunabaki na siki.