Skripti Yako ya Kutesti Haioni Batani? Shida Sio Macho, Ni Jina

Maze, kama unasaka job ya kutesti programu, hii lazima itakupata. Umeandika skripti fiti. Inafungua programu ya Windows, inajaza fomu, inabonyeza batani. Halafu inafika kwa jedwali moja kubwa inagoma. Inakuambia haijaona kitu. Na wewe jedwali unaliona hapo mbele yako, limejaa data, wazi kama mchana.

Usivunje laptopi. Wacha tukupange.

Skripti inaulizia majina

Fikiria unaelekeza mgeni kwa simu. Anatoka Kisumu mjini anaenda kituo cha utafiti cha KEMRI pale Kisian. Unaweza kumwambia, "Kaa kwa mat dakika ishirini, ukiona mama wa omena kushoto, shuka." Ama umwambie tu, "Mwambie makanga unaenda KEMRI Kisian." Ile ya kwanza inashika mpaka siku kuna jam, ama mama ahamishe kibanda. Ya pili haijali jam wala kibanda.

Testi ni vile vile. Ukiiambia "bonyeza pikseli 640 kutoka kushoto na 410 kutoka juu," umetumia mama wa omena. Peleka hiyo skripti kwa laptopi ingine yenye maandishi yamekuzwa hadi asilimia 125, itabonyeza hewa.

Njia ya jina ndio hii: Windows ina mfumo unaitwa UI Automation. Huu unapanga kila kitu kwa skrini kama mti: dirisha ndio shina, ndani kuna matawi ya paneli, batani, visanduku. Kila kimoja kina vitambulisho vyake. `Name` ni maneno yenye mtu anaona. `ControlType` inasema hii ni batani ama jedwali. `AutomationId` ni kama namba ya kitambulisho. Hiyo ya mwisho ndio tamu. Programu ikitafsiriwa kutoka Kiingereza kuenda Kiswahili ama Dholuo, `Name` itabadilika lakini `AutomationId` inafaa kubaki ile ile.

Zana kama FlaUI za wasee wa C#, ama pywinauto za wasee wa Python, zinaweza kusoma huo mti.

Sasa mbona jedwali limejificha?

Kwa sababu wenye waliandika hiyo programu hawakuchora jedwali wenyewe. Walinunua. Kuna kampuni kama DevExpress, Telerik na Syncfusion zinauza majedwali, kalenda na chati zimeshaiva. Jedwali la aina hiyo linaweza kujichorea kila kisanduku lenyewe, kama picha. Kama halikupewa kazi ya kueleza Windows nini iko ndani, mti unaonyesha tawi moja tupu. Kwako ni mistari 200. Kwa skripti ni ukuta.

Fuata hizi hatua

Moja, angalia mti kabla uandike chochote. Pakua Accessibility Insights ya Microsoft, ni ya bure, ama tumia Inspect yenye inakuja na Windows SDK. Weka mshale juu ya kisanduku uone kama kinatokea.

Mbili, ukiona `AutomationId` ni namba tupu kama 1377402, funga programu ufungue tena. Ikibadilika, usiiguse. Hiyo ni namba ya muda tu.

Tatu, kama mistari michache inaonekana na mingine imepotea, sogeza jedwali chini. Majedwali mengi huunda tu mistari yenye iko kwa skrini, ingine haiko kwa mti mpaka uifikie.

Nne, hakikisha programu haijafunguliwa na nguvu za admin wakati skripti yako ni ya raia wa kawaida. Windows itakuzuia.

Tano, soma maelezo ya kampuni yenye iliuza jedwali. Wengine wameweka swichi ya kuwasha UI Automation, na imezimwa. Mstari mmoja wa setingi na ukuta unafunguka.

Sita, ikikataa kabisa, tumia kibodi: ingia kwa jedwali na Tab, shuka na mishale. Pikseli ziwe za mwisho kabisa, na uandike hapo kwamba ni kiraka.

Mbona usipige tu pikseli uende home?

Chukulia programu ya maabara yenye sampuli 200. Skripti inafaa kufungua sampuli ya 118. Mtu anaongeza kichwa kimoja juu ya jedwali, kila kitu kinashuka kidogo. Pikseli sasa inagonga 117. Dirisha linafunguka, skripti inafurahi, testi inakuwa kijani. Hakuna mtu amejua inatesti mgonjwa mwingine.

Na kuna mwingine hapa, omera. Mti huo ndio visoma skrini vinasoma. NVDA, programu ya bure yenye wasioona wanatumia kwa Windows, inauliza maswali yale yale: hii ni nini, inaitwaje? Kama skripti yako inapata ukuta, mwanafunzi amemaliza shule ya wasioona ya Kibos, upande ule mwingine wa Kisumu, akiajiriwa kuingiza data kwa hiyo programu atapata ukuta ule ule. Skripti ina pikseli za kukimbilia. Yeye hana. Na Katiba ya 2010, Kifungu cha 54, inampa haki ya kupata vifaa vya kushinda vizuizi vya ulemavu wake.

Kwa hivyo usifiche ukuta na kiraka. Uripoti. Andika hivi: "Jedwali la sampuli halionyeshi mistari yake kwa UI Automation. NVDA pia haiwezi kulisoma. Tafadhali washeni setingi ama mpeane `AutomationId`."

Hiyo sentensi ya NVDA usiandike kwa kukisia. Washa NVDA, zima skrini, ujaribu kufika sampuli ya 118 na masikio pekee. Ikishindikana, umepata kosa kubwa kuliko lenye ulitumwa kutafuta.