Je, Wajua? Ndoa Moja, Mipaka Miwili

Je, wajua kwamba kisiwa cha Likoma ni cha Malawi, ilhali kimezungukwa na maji ya Msumbiji? Ziwa Nyasa ndivyo lilivyo. Watu wa Mbamba Bay wana mashemeji ng'ambo, na kuoana ni jambo la kawaida. Kuhamia kwa mwenza ndiko kwenye kazi.

Je, wajua kwamba Mmalawi huingia Tanzania bila viza, lakini kwa matembezi ya hadi siku 90 tu? Bibi harusi wa Nkhata Bay anayetaka kukaa na mumewe Liuli huomba Uhamiaji pasi ya mtegemezi. Pasi hiyo peke yake haimruhusu kuajiriwa.

Je, wajua kwamba Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 humruhusu mke mgeni wa Mtanzania kuomba uraia kwa sababu ya ndoa, lakini mume mgeni wa Mtanzania hana mlango huo? Yeye huomba tajnisi kama mgeni mwingine yeyote: awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na jumla ya miaka 7 katika ile 10 iliyotangulia. Binti wa Mbinga anaonewa hapa, wala sioni sababu.

Je, wajua kwamba tangu Aprili 2024 anayemwombea mwenza viza ya Uingereza kwa mara ya kwanza hutakiwa kuwa na kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka, badala ya 18,600? Muingereza anayeishi Mbinga na mkewe Mmatengo, wakitaka kuhamia kwao mume, hatathminiwi kwa mshahara wa Mbinga pekee. Aonyeshe pia kazi inayomsubiri Uingereza, itakayoanza ndani ya miezi 3 baada ya kurudi. Asiye na kipato hicho anaweza kuonyesha akiba: pauni 88,500, zilizokaa benki miezi 6. Shamba la kahawa halihesabiwi mpaka liuzwe.

Mke naye hupimwa kifua kikuu katika kliniki iliyoidhinishwa na Uingereza, na hufanya mtihani wa Kiingereza, ngazi ya A1. Viza ikitoka, ni ya miezi 33.

Je, wajua kwamba mke wa Mjerumani kwa kawaida hufanya mtihani wa Kijerumani kabla ya kupewa viza, lakini wa Mfaransa anayefanya kazi Berlin hadaiwi? Mfaransa hulindwa na sheria za Umoja wa Ulaya. Mjerumani aliye kwake hubanwa na sheria za nchi yake. Wabenediktini wa Kijerumani walifika Peramiho mwaka 1898, na hakuna aliyewadai cheti cha Kiswahili.

Kama jina lako kwenye cheti cha kuzaliwa, cha ndoa na pasipoti haliandikwi sawasawa, lirekebishe sasa, kabla hujalipa ada ya viza.